Maporomoko ya theluji Aprili, milima ya Kenai (Alaska): saa ngapi muwe mmeshashuka?

Mbavu_za_Mlima:
Wakuu, salaam. Kuna kundi la watu wanne wenye skii linalopanga kupanda miteremko ya Turnagain Pass (njia inayopita kati ya milima) wiki ya mwisho ya Aprili. Mteremko unatazama kusini-mashariki, nyuzi 35 hadi 38. Utabiri: mchana sentigredi 6, usiku 1, mawingu ya hapa na pale. Kanuni inayotajwa sana ni kushuka kabla ya saa sita mchana. Inatosha? Na gamba gumu (uso wa theluji ulioganda) asubuhi lina maana ni salama?

Koleo_la_Chuma:
Mkuu, anza na usiku, saa itafuata. Anga ikiwa wazi, theluji hupoteza joto lake kuelekea juu na uso wake unaweza kuganda hata hewa ikiwa sentigredi 1 au 2. Wingu likitanda, joto hilo linarudishwa chini na asubuhi mnakuta uji, ingawa kipimajoto kinasoma vilevile. Kwa hiyo hayo "mawingu ya hapa na pale" ndiyo habari kubwa kwenye utabiri wako. Usiku wa pili au wa tatu bila kuganda, achaneni na mteremko wowote mkali.

Kuhusu saa: kwa saa za Alaska jua hufika juu kabisa karibu saa nane mchana, na Aprili mwishoni linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi. Mteremko wa kusini-mashariki unalipata jua mapema sana. Kufika saa tano tayari linaupiga usoni. Mimi ningepanga kuwa chini saa nne. Upande wa magharibi ndio wenye nafasi ya kuchelewa.

Mbavu_za_Mlima:
Shukrani mkuu. Gamba linapimwaje?

Koleo_la_Chuma:
Vua skii, simama kwa mguu mmoja. Buti lisipozama, endeleeni. Likizama hadi kifundo, geuzeni. Likifika katikati ya muundi, mmeshachelewa. Halafu chimba kidogo kwa koleo: gamba la sentimita 2 juu ya theluji iliyolowa linavunjika jua likiligusa tu, la sentimita 10 au zaidi linawapa muda. Chota konzi ya theluji ya chini ya gamba uifinye ndani ya glavu. Ikishikana kama donge bila maji, ina unyevu tu. Maji yakichuruzika katikati ya vidole, punje hazishikani tena.

Tazameni pia vidonge vinavyojiviringisha vyenyewe kutoka kwenye miamba. Mwamba unapata joto kwanza, na poromoko la theluji legevu huanzia hapo kama ncha kisha linapanuka likishuka. Mwendo wake si mkali, ila ni zito, linamsukuma mtu hadi kwenye genge au korongo.

Ufa_Mrefu:
Naongezea kitu ambacho gamba halikipimi. Turnagain inajulikana kwa theluji inayoteleza nzima nzima juu ya nyasi au mwamba laini, kuanzia ardhini. Dalili ni ufa wa kahawia uliopinda kama mdomo uliofunguka. Ufa huo unaweza kukaa wiki kadhaa kisha tabaka lote likashuka usiku wa baridi, bila mtu kuligusa. Haliendi kwa saa wala kwa jua. Msipumzike chini yake na msile hapo. Kama hakuna njia nyingine, piteni haraka mmoja mmoja.

Na kama dhoruba imeleta theluji mpya, hesabu inabadilika. Mvua ikianza kunyesha juu ya theluji mpya kavu, maporomoko yanaweza kuanza ndani ya dakika chache. Theluji ya zamani iliyokwisha kulowa na kuganda mara nyingi ina punje kubwa na hupitisha maji vizuri zaidi. Hatari kubwa ni pale inapolowa kwa mara ya kwanza.

Koleo_la_Chuma:
Kweli kabisa. Angalieni na upenu wa theluji (theluji inayoning'inia nje ya ukingo) kwenye tuta la juu: huvunjikia nyuma kuliko unavyotegemea, kwa hiyo msitembee ukingoni. Theluji ya pwani ni nene, chukueni fimbo ya kuchokolea (ya kumtafuta aliyefukiwa) ya sentimita 300, si 240. Na koleo liwe la chuma, kwa sababu theluji iliyolowa ikishasimama hukakamaa kama zege na koleo la plastiki linapinda. Taarifa ya kituo cha maporomoko cha Chugach isomeni asubuhi ileile ya kuondoka.