Re: Gari lenye hema juu, Kabale na Kisoro

Habari zenu ndugu. Tumepata gari la kukodi lenye hema juu, na tunataka kuwapeleka watoto Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, likizo hii. Tuwe tunahama kila siku au tutue mahali pamoja?
Mama wawili, Ntinda

*

Dada, tueni mahali pamoja, nawasihi. Wekeni kambi Ziwa Bunyonyi, kilomita chache tu kutoka Kabale mjini, kisha kila asubuhi mtoke na jioni mrudi. Tatizo la hema la juu ni kwamba gari haliondoki mpaka likunjwe, na umande wa kule hulilowesha. Kwa hiyo bebeni pia hema la kawaida la chini. Likibaki pale na mablanketi na vyombo, gari linakuwa jepesi mkienda kutembea. Ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo watoto walale na masweta na soksi.

Kutoka Kampala msijilazimishe kufika siku moja. Ni zaidi ya kilomita 400, laleni Mbarara.

Siku ya kwanza ya matembezi nendeni Kisoro. Barabara ni ya lami, kama kilomita 80, lakini ni kona tupu, kwa hiyo msiihesabu kwa mwendo wa barabara ya Masaka. Mtapita msitu wa Echuya wenye mianzi, halafu mfike Kanaba. Hapo simameni, tafadhali. Kukiwa kweupe mtauona mlima wa volkano Muhabura, mita 4,127, na milima ya Mgahinga na Sabinyo pembeni yake, na mashamba ya matuta yameshuka hadi bondeni. Mimi napita pale mara kwa mara kikazi na bado nasimama. Ukungu wa asubuhi ni mzito, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka kambini alfajiri.

Kwenye mteremko shukeni kwa gia ndogo, msikalie breki. Zikipata moto hazishiki. Na hema lililo juu hufanya gari liyumbe kwenye kona, hasa lori likiwapita. Jazeni mafuta Kabale. Saa kumi muwe mmeshaanza kurudi, maana saa moja na nusu ni giza, na watu, mbuzi na baiskeli zisizo na taa wote wako barabarani.

Mkitaka kwenda Ruhija, upande wa msitu wa Bwindi, ni barabara ya vumbi. Mvua ikinyesha usiku, ahirisheni. Tope la kule linateleza hata kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Siku hiyo pandeni mtumbwi ziwani.

Bebeni pasipoti au vitambulisho. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada nafuu kwenye hifadhi, lakini lazima uthibitishe.
Kaka yenu, Mbarara

*

Naongezea kwa wanaokuja na magari yao kutoka Bukoba kupitia mpaka wa Mutukula: kateni bima ya kadi ya njano, ile ya gari inayotambulika nchi jirani, kabla ya safari na msisahau kadi ya gari. Na dada, mkiwa Kisoro mpaka wa Cyanika uko karibu sana, watoto watataka kuvuka. Gari la kukodi halivuki bila kibali cha maandishi cha mwenyewe, na Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Kama hamkupanga hilo tangu Kampala, liacheni.
Baba wa Entebbe