Naomba ushauri: spana na vifaa vya mkono vya kazi nzito vilivyotengenezwa nchini

Oili Chafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito: malori, buldoza, vijiko vya kuchimbia. Boksi langu limejaa spana, na nusu yake siziamini. Zikikutana na nati iliyoshika kutu zinafumbua mdomo. Soketi za 3/4 (inchi, yaani upana wa tundu la mraba linaloingia mpini) nazo zinapasuka ubavuni, tena kwa mkono tu, bila gani ya upepo, ile mashine ya hewa ya kufungulia nati.

Nataka kulijenga boksi upya, kifaa kimoja kimoja. Na ikiwezekana viwe vya hapa hapa nchini. Kwanza, kikivunjika namjua aliyekitengeneza na namrudia. Pili, inaniuma kuona fundi amezungukwa na wahunzi na wakereza vyuma halafu ananunua hata tindo iliyovuka bahari.

Ninachotafuta: spana kombi (upande mmoja wazi, upande mmoja pete) kuanzia milimita 17 mpaka 41, soketi za 3/4 na za inchi 1, nyundo nzito, tindo, panchi, mtaimbo, pula (kifaa cha kuvutia bearingi) na torki renchi (inayopima nguvu ya kukaza nati). Kipi kati ya hivi naweza kupata cha nyumbani chenye ubora, na nitakijuaje kabla sijalipa? Wale wa "chukua vya nje tu" nawaheshimu, ila njooni na sababu.

Nyundo Kilo Nne

Mkuu, mimi ni mhunzi, kwa hiyo nina maslahi humu. Nalisema mapema.

Orodha yako igawe. Vinavyopiga, vinavyopigwa na vinavyobinua (nyundo, tindo, panchi, mtaimbo) mhunzi anayejua kazi anavitengeneza vikasimama na vya kiwandani bila aibu. Chuma chake kipo: springi bapa za malori. Springi ina kaboni ya kutosha kushika ugumu. Nondo ya kawaida ya ujenzi haina, ndiyo maana tindo ya nondo hata uichovye mara ngapi, ukiipiga ncha inalala.

Ukifika kwake usimuulize kama vifaa vyake ni vizuri. Nani atakwambia ni vibaya? Muulize ametumia chuma gani na anakipozaje. Akikwambia springi anaichovya kwenye maji, shukuru uondoke. Chuma kile kinataka oili, maji yanakipasua. Omba umtazame akifanya. Wengi wetu tunaweka sumaku kando ya moto: chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inaacha kukishika, unaongeza moto kidogo, ndipo unakizamisha.

Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika kirahisi, na hapa ndipo wavivu wanapojulikana, maana wao wanaishia hapo. Anayejua anakisugua kidogo mpaka king'ae, kisha anakirudishia moto wa taratibu. Rangi inaanza kutembea juu ya chuma: manjano hafifu, hudhurungi, zambarau, bluu. Tindo ya kukatia chuma naisimamisha hudhurungi inapoingia zambarau, nyuzi 260 hadi 280 hivi. Mtaimbo naupeleka mpaka bluu kwa sababu natarajia unyumbuke kabla haujakatika. Na kile kichwa cha tindo kinachopokea nyundo sikitii ugumu kabisa. Kikiwa kigumu, kipande kinaruka, na kinapenda sana macho.

Spana na soketi? Mimi sikuuzii. Waulize wengine.

Mbishi wa Gereji

Haya ya rangi yamenikuna, ila tuseme ukweli. Fundi anaishi kwa spana, tindo anaishika mara moja moja. Nje ya nchi chache zenye viwanda vya muda mrefu, spana ya maana ya nyumbani ni ndoto. Nunua ya nje, lala usingizi.

Stoo Kipa

Mbishi, "ya nje" siyo ubora. Hata hizo zilizomfumbulia mdomo mleta uzi nyingi ni za nje.

Mimi kazi yangu ni kupokea vifaa stoo na kuvigawa kwa mafundi, kwa hiyo naviona vikiingia na naviona vikirudi. Kitu cha kwanza ninachosoma ni jina la mtengenezaji lililogandamizwa kwenye chuma chenyewe. Si kwenye boksi, si kwenye stika. Spana iliyoandikwa kromu-vanadi tu haijakwambia nani kaitengeneza, imekwambia jina la chuma, na hilo yeyote anaweza kuliandika. Mwenye kiwanda anayejiamini anaweka jina, saizi, na mara nyingi namba ya kiwango, kama hizi za DIN, viwango vya Ujerumani: DIN 3113 kwa spana kombi, DIN 3124 kwa soketi za mkono, DIN 3129 kwa soketi za gani ya upepo. Namba nayo inaweza kughushiwa, ila mwenye jina lake pembeni ana cha kupoteza.

Cha pili, nenda na kaliper, kile kipimo cha kubana. Mdomo wa spana ya 24 lazima uzidi 24 kwa nywele tu. Ukikuta umezidi kwa nusu milimita, hiyo itakula kona za nati, irudishe rafu. Angalia pia kama pande mbili za mdomo ziko sambamba mpaka ndani. Hapo ndipo za ovyo zinapoumbuka.

Cha tatu, tazama pembeni ya mpini. Iliyofuliwa kwa nyundo ya kiwanda huwa na alama pana ya mahali masalia yalipokatwa na kusagwa. Iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari mwembamba na uso wenye chengachenga. Kwa nati ya 36 iliyoganda usiiguse ya kusubu. Ila wengine wanapaka kromu nene ikafunika kila kitu, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

Kuhusu "imetengenezwa nchini", fungua macho. Kuna maneno yanayotembea karibu nayo: imebuniwa, imeunganishwa, imefungashwa, teknolojia ya nchi fulani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema chuma kilifuliwa wapi. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, ikilalamikia hasa bidhaa za Ujerumani zilizokuwa zinauzwa kana kwamba ni za Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa vyuma. Alama ya "Made in Germany" iliyokusudiwa kuwaonya wanunuzi baadaye ikawa sifa, na leo watu wanatafuta spana za Remscheid na Wuppertal, miji ya Ujerumani, kwa sababu ya alama ileile.

Oili Chafu

Stoo Kipa, umenifungua. Kuna seti nilitamani, boksi limeandikwa la nchini kwa herufi kubwa. Nikageuza soketi: hakuna jina hata moja.

Stoo Kipa

Basi la nchini ni boksi.

Bi Torki

Nichangie kwenye torki renchi na soketi, ndiyo kazi yangu.

Kaka, torki renchi usiichukulie uzalendo. Nati ya gurudumu la lori yenye uzi wa M22 (kipenyo cha milimita 22) kwa kawaida inataka kama Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 600 hadi 700, kutegemea aliyetengeneza gari, na kitabu chake ndicho cha kufuata. Nm 600 maana yake ni mtu wa kilo 61 amening'inia kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Hapo hutaki kubahatisha. Kiwango cha ISO 6789 kinataka torki renchi ipimwe upya kila miezi 12 au kila ikikaza mara 5,000, kipi kitangulie, kama mwenye nayo hana ratiba nyingine. Kwa hiyo swali lako liwe hili: nani karibu nami ana mashine ya kuipima na kunipa cheti? Ununue ile ambayo huyo mtu anaweza kuihudumia. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo. Na usiifungulie nati iliyoganda, hiyo kazi ina fimbo yake, ule mpini mrefu wa kufungulia.

Soketi: za kung'aa ni za mkono. Za gani ya upepo ni nyeusi, ukuta mnene, mara nyingi kromu-molibdenamu. Ukitia ya kung'aa kwenye gani siku itakayopasuka haitakupigia hodi. Na kwa nati zenye kutu chukua za kona 6, za kona 12 ziache kwa nati safi.

Nyingine ambayo gereji nyingi zinaifanya: kuchomelea bomba kwenye soketi au spana ili kuirefusha. Moto wa weldi unaondoa ugumu palepale ulipogusa, na pembeni yake unaacha sehemu inayokatika. Hata ya bei mbaya ukishaichomelea, thamani yake imekwisha.

Mbishi wa Gereji

Dada Torki nakubali. Kwa hiyo mleta uzi abaki na nyundo tu za nyumbani?

Chipsi za Lethi

Hapana, subirini wakereza tuseme.

Mmesahau vifaa maalumu, na huko wa nyumbani hana mshindani. Soketi ya nati ya habu, pula ya kuvuta bearingi, vijiti vya shaba vya kugongea pini bila kuziumiza, bushi za kusukumia sili. Kiwanda kinatengeneza saizi zinazouzika, na mtambo wako wa zamani una nati isiyomo kwenye katalogi. Mkereza anakupa inayokaa kama ilizaliwa nayo.

Kwa pula, usikubali skrubu iliyochongwa kwenye chuma laini cha dukani, uzi utang'oka kwenye mvuto wa kwanza mzito. Mwambie atumie ekseli ya zamani, na mikono iwe ya sahani nene ya kipande kimoja, isiwe na kiungo cha weldi kwenye ndoano. Mimi napenda kuijaribu mbele ya mteja: tunaibana kwenye fremu, tunaikaza kupita kazi yake, kisha tunapima kama mikono imefunguka.

Ambacho sikutengenezei ni jeki na stendi za kubebea gari. Sina mashine ya kuzijaribu kwa mzigo, na wewe ndiye utakayelala chini yake.

Na kwa spana zenyewe: kama kuna kiwanda nchini kwako kinachofua, waandikie uombe cheti cha ugumu. Spana ya kazi nzito iwe kwenye HRC (kipimo cha ugumu wa chuma) arobaini na kitu. Wakikupa, na kuna alama ya shirika la viwango, nunua moja ya 24, itese, halafu rudi kwa seti. Wasipojibu, umeshajibiwa.

Oili Chafu

Nawashukuru sana wakuu. Nyundo, tindo na mtaimbo naenda kwa mhunzi na sumaku yangu mfukoni. Spana nitaanza na hiyo moja ya 24. Chipsi, nina nati ya habu ya kona 8 ambayo mpaka leo inafunguliwa kwa tindo, naona haya hata kuisema. Nikuletee vipimo gani?

Chipsi za Lethi

Upana kutoka ubapa hadi ubapa, si kona hadi kona, kwa sababu kona zako zimeshaliwa na tindo. Unene wa nati. Kina kutoka mdomo wa habu mpaka uso wa nati, na nafasi iliyopo kuizunguka ili nijue ukuta wa soketi uwe mnene kiasi gani. Ukiweza leta nati yenyewe, hata ile iliyoharibika. Na uniambie utaizungusha kwa 3/4 au kwa inchi 1.