Ukoo wa Kibokoni: Idrisa apande au asipande?

Rukia: Assalamu aleikum nyote. Tikiti za Disemba tayari, mama mdogo na Idrisa watatua Abu Dhabi tarehe 14. Wakishapumzika nawapeleka Ferrari World, ile bustani ya michezo yenye rolakosta, treni za kupanda na kushuka kwa kasi.

Idrisa: FORMULA ROSSA, ile rolakosta ya kwenye video!!! Mama umeona??

Mwanakombo: Waleikum salaam. Rukia mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini lile dubwana kwenye video Idrisa hapandi. Watu nyuso zimevutika kama ngozi ya ngoma.

Idrisa: Mama ni kilomita 240 kwa saa. Yaani ukitoka Mombasa, dakika arubaini uko Voi.

Mwanakombo: Na Voi una kazi gani?

Idrisa: Ami Swaleh shikamoo, wewe si ulishaipanda? Nisaidie.

Ami Swaleh: Marahaba babangu. Ndo natoka kuswali, nakuta mshafika Voi. Shemeji, nakuelewa na nitakujibu, ila jambo hili nalipenda kwa hivyo nivumilie niandike kwa kituo.

Ami Swaleh: Nilipokuwa baharini, tukitia nanga wenzangu walikimbilia madukani. Mimi nilikuwa nauliza kama mji una rolakosta. Formula Rossa nilipanda na Rukia 2019. Wakuvalisha miwani, maana kwa kasi ile hata punje ya mchanga au mdudu akikupiga jichoni ni hatari. Treni yarushwa, kichwa chaganda kitini, sekunde tano hivi ushafika 240. Na baada ya hapo? Macho yanaona rangi tu. Nilishuka miguu yatetemeka, lakini ukiniuliza njia ilipita wapi, siwezi kukuchorea.

Idrisa: Lakini ndiyo ya kasi kuliko zote duniani

Ami Swaleh: Ilikuwa, tangu 2010. Saudia wamejenga Falcon's Flight kule Qiddiya, yaenda 250. Kesho atatokea mwengine na 260. Anayefuata kasi hashibi, Idrisa. Mimi napima kwa jambo moja tu: nilinyanyuka kitini au sikunyanyuka?

Idrisa: Utanyanyuka vipi na umefungwa?

Ami Swaleh: Wakumbuka tulipotoka nje ya mwamba na ile mashua, wakati wa kusi? Chombo kikapanda wimbi, wimbi likakiacha, tumbo lako likabaki juu ukanishika mkono?

Idrisa: Nilidhani nitatapika

Ami Swaleh: Ukacheka baadaye, ukasema turudi tena. Ndiyo hiyo. Kileleni reli yageuka kushuka ghafla, mwili wako bado wataka kwenda juu. Kile chuma cha mapajani ndicho kinachokurudisha. Kwa sekunde moja, mbili, huna uzito. Injinia mzuri anajua kuichonga hiyo sekunde, na hata kasi kubwa haihitaji.

Rukia: Baba, mwambie ile ya New York.

Ami Swaleh: Nakuja hapo. 1991 meli ilikaa New York siku nne. Nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka Coney Island, ufukweni kabisa. Ndipo palipoanzia biashara hii kule Marekani: 1884 LaMarcus Thompson aliweka pale reli yake ya milima, nauli senti tano, mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Mtu akikimbia anaipita! Na watu walipanga foleni.

Basi pale pale ipo Cyclone, ya mbao, imefunguliwa 1927. Haifiki hata mita 30 kwenda juu, na kasi yake haifiki nusu ya hiyo Rossa yenu. Nilipanda mara tano siku moja. Mbao zalia kama jahazi likigeuza tanga, harufu ya grisi yachanganyika na ya bahari, na kila kilele chakutupa. Mara ya kwanza nilikaa mbele. Mara nne zilizobaki nilikaa nyuma kabisa.

Idrisa: Kwa nini nyuma? Si mbele ndiyo waona?

Ami Swaleh: Mbele waona, kweli. Lakini treni ni ndefu. Mabehewa ya mbele yavuka kilele polepole, kisha yakianza kuteremka yavuta ya nyuma. Ukifika wewe wa mwisho pale juu, treni nzima ishaanguka, na wewe wavutwa kwa kasi yake yote. Wang'olewa kitini. Mtu akinambia kapanda Cyclone akakaa mbele tu, namwambia rudi.

Mwanakombo: Shemeji, maelezo matamu. Lakini Idd iliyopita si mlimshusha huyu huyu kwenye pembea, pini ya kiti imefungwa kwa kamba ya katani? Na mwenye pembea ati anatuambia "iko sawa, iko sawa".

Ami Swaleh: Nilimshusha mimi, na ile hata bure sipandi, wala mtoto wetu hapandi. Moyo wauma, maana Idd watoto wanastahiki kitu kizuri.

Mwanakombo: Haya. Sasa hiyo treni yapanda, mnyororo ukatike?

Ami Swaleh: Zile zinazovutwa kwa mnyororo utasikia ka-ka-ka-ka zikipanda. Watu hudhani ni mnyororo. Sio. Ni kabari ya chuma chini ya behewa, yaanguka kwenye meno yaliyo katikati ya reli, jino baada ya jino. Mnyororo ukikatika, treni yakaa hapo hapo kwenye jino. Mlio ule mimi huniliwaza.

Na reli haiachiwi. Kila gurudumu la juu lina mwenzake wa ubavuni na mwengine chini ya reli, yaikumbatia pande tatu. John Miller, Mmarekani, ndiye aliyesajili hayo ya chini 1919. Kabla yake, mafundi waliogopa kujenga vilele vikali.

Mwanakombo: Na umeme ukipotea?

Ami Swaleh: Mteremko hauhitaji umeme, treni yaanguka tu kwa uzito wake. Kupunguza mwendo, nyingi za kisasa zina sumaku: sahani ya shaba au aluminiamu yapita katikati ya sumaku, sumaku zaivuta nyuma. Hakuna waya hapo.

Kama huamini mashine, ningekupeleka Tivoli, Copenhagen. Ipo ya mbao ya 1914 na breki ni mtu! Akaa ndani ya treni na abiria, ameshika wenzo. Nilikaa nyuma yake. Mzee wa makamo, wenzo umeng'aa pale mkono unaposhika, na kabla ya kila kona aliuvuta kidogo, kama nahodha na usukani. Sijapanda kitu kilichonipa raha kama ile.

Idrisa: Nyanya asema niandike: Swaleh siku zote hizo alikuwa akituandikia ati kazi nyingi bandarini

Ami Swaleh: Mama, kazi ilikuwepo pia. Shikamoo.

Rukia: Sasa baba, apande ipi?

Ami Swaleh: Flying Aces, hapo hapo Ferrari World. Yavutwa kwa kamba ya chuma kwenye mlima wa nyuzi 51, mita 63 juu, kisha kilomita 120 kwa saa. Nusu ya Rossa! Lakini vilele vyake, wallahi, kila kimoja chakunyanyua. Na ina hadithi: imejengwa kwa kumbukumbu ya Francesco Baracca, rubani wa Italia aliyekufa vitani 1918. Yule farasi mweusi wa Ferrari alikuwa kwenye ndege yake. Mamake Baracca ndiye aliyemwambia Enzo Ferrari amtumie.

Idrisa: Mamake??

Ami Swaleh: Mamake. Apande hiyo kwanza, kiti cha nyuma. Rossa, kama bado aitaka, baadaye. Shemeji, kila treni ina kimo chake, kimeandikwa mlangoni, na wale hawabembelezeki. Mpime kabisa kabla ya safari asije akalia kule.

Idrisa: Nasimama mlangoni sasa hivi, Nyanya ameshika futi ya cherehani

Mwanakombo: Haya, hiyo ya rubani apande. Mara moja. Mimi nitasimama chini nimtazame.

Ami Swaleh: Chini hutamuona, atakuwa nukta. Simama pale treni inapoingia kituoni, uuone uso wake akirudi.

Mwanakombo: Rukia, utanionyesha hapo.