Taa za kumweka kwenye pikipiki: nifunge zipi ili madereva wanione mchana?

Gia_ya_Tano
Habari wakuu. Pikipiki ni 150cc, betri ya 12V 5Ah, taa kubwa ni balbu ya halojeni aina ya H4, indiketa na taa ya breki bado ni balbu za kawaida. Tatizo ni kwenye makutano: gari linalosubiri kukata kona linaingia barabarani kana kwamba hakuna kitu kinachokuja. Nina mawazo matatu. La kwanza, kuacha indiketa zote nne zikimweka safari nzima. La pili, kufunga taa mbili ndogo za LED mbele, ziwe za kuwaka na kuzima. La tatu, kidude kinachofanya taa ya breki imweke. Kipi kinasaidia kweli, kipi ni hatari, na waya zipite wapi?

JichoLaDereva
Wazo la kwanza achana nalo kabisa. Dereva aliye kwenye makutano mara nyingi haioni pikipiki nzima, kwa sababu nguzo ya kioo chake au gari lililoegeshwa limeificha nusu. Akiona indiketa moja tu inawaka, kwake hiyo maana yake unakata kona, basi anatoka. Na siku unapokata kona kweli, huna tena ishara ya kumpa. Indiketa nne ni za chombo kilichosimama mahali pabaya.

Kuhusu kutoonekana: utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotoka mwaka 1981, ulikuta kwamba katika ajali za pikipiki na chombo kingine, thuluthi mbili zilisababishwa na dereva wa chombo hicho kuingilia haki ya njia ya pikipiki. Ziko sababu mbili za kimaumbile ambazo taa inaweza kuzigusa. Kwanza, pikipiki inayokuja moja kwa moja haisogei kulia wala kushoto machoni pa dereva, kwa hiyo jicho halishtuki. Pili, jicho hupima kasi ya kitu kwa kuangalia kinavyozidi kuwa kikubwa, na nukta moja ya mwanga haionekani kukua mpaka iwe imeshafika puani.

Kumweka kunatibu ile sababu ya kwanza tu. Kunamshtua dereva, lakini hakumwambii uko umbali gani wala unakuja kwa kasi gani, na usiku kunazidisha ugumu huo. Ndiyo maana taa zako mbili za LED ningezifunga ziwake moja kwa moja bila kuzima. Ziweke chini, kwenye gadi ya injini au kwenye mabomba ya shoki, zikiachana kadiri upana wa pikipiki unavyoruhusu, sentimita 40 na zaidi. Pamoja na taa kubwa zinafanya pembetatu, na pembetatu hiyo inapanuka wazi machoni pa dereva kadiri unavyokaribia. Hapo ndipo anajua kwamba unakuja, tena kwa kasi.

Elekeza hivi: simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, mtu akiwa ameikalia. Kitovu cha mwanga kitue ukutani sentimita 5 hadi 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Ukiinua zaidi ya hapo unawapofusha wanaokuja, na aliyepofushwa hakuoni. Usizibane na indiketa pia. Taa kali ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye indiketa, indiketa inamezwa.

Jambo moja lisilohitaji waya: ukikaribia makutano, sogea taratibu ndani ya njia yako, upande mmoja kisha mwingine. Ule msogeo wa pembeni ndio ambao jicho la dereva linaukosa.

WayaMwekundu
Naunga mkono hapo juu. Niongeze umeme.

LED mbili za wati 10 ni wati 20, yaani karibu ampea 1.7. Kwa betri ya 5Ah, ukizisahau zikiwaka injini imezimwa, saa 3 betri imekwisha, na stata itagoma mapema zaidi. Kwa hiyo usizifunge betrini moja kwa moja na swichi tupu. Tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya pini nne: pini 30 kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5, pini 87 kwenda kwenye taa, pini 85 kwenye fremu, pini 86 kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa. Swichi ya kwenye usukani ikae kwenye waya wa pini 86, ambao hubeba mkondo mdogo tu. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 kutoka betrini. Ikikaa mbali, kipande kilichobaki nyuma yake hakina ulinzi kikisuguana na fremu.

Waya wa milimita mraba 0.75 unatosha. Negativu ya taa iunge mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, halafu paka grisi. Taa nyingi "zinazokufa" baada ya mvua hazijafa, ni negativu imeshika kutu. Shingoni mwa usukani acha waya uwe na ulegevu, kisha geuza usukani mpaka mwisho kila upande kabla ya kufunga tai za plastiki.

Ukimaliza, washa kila kitu, kanyaga breki, injini ikiwa kwenye mizunguko kama 4000 kwa dakika, upime betri kwa mita. Ukipata volti 13.5 hadi 14.5 uko salama. Ikibaki 12.8 au chini, koili ya chaji imezidiwa, punguza mzigo.

MwangaKamili
Kumweka mbele kusitupwe kote. Kuna moduleta ya taa kubwa, na hiyo ni kifaa halali Marekani na Kanada kwa pikipiki. Haizimi taa, inashusha tu mwanga na kuupandisha. Kanuni ya Marekani inataka mara 240 kwa dakika, pungufu au zaidi kwa 40, mwanga unaposhuka usiwe chini ya asilimia 17 ya kilele chake, na kuwe na sensa inayosimamisha kumweka giza likiingia. Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu taa ya mbele kumweka, kwa hiyo soma sheria ya unakoendesha kabla ya kununua. Rangi nayo: mbele nyeupe au ya chungwa tu. Nyekundu mbele haifai kabisa, na bluu waachie polisi na magari ya wagonjwa.

Usijaribu kuitengeneza kwa rilei ya kawaida. Mara 240 kwa dakika ni mara 14,400 kwa saa. Rilei nyingi za magari zimeundwa kuhimili kama mara 100,000 zikiwa na mzigo, kwa hiyo viguso vyake vimeungua ndani ya saa 7 za safari. Moduleta halisi hukata umeme kwa transista, haina kinachogusana.

Pia inataka balbu ya halojeni. Uzi wa H4 unachukua muda kupoa, kwa hiyo mwanga unapanda na kushuka kwa ulaini. Balbu ya LED yenye draiva (saketi ya kuiendesha) ndani itakataa, au itakatika ghafla na kuudhi macho. Sensa itazame angani. Ikitazama mbele, taa za magari usiku zinaweza kuidanganya kuwa ni mchana.

Gia_ya_Tano
Asanteni sana, wazo la kwanza nimelifuta. Swali kwa MwangaKamili: taa yangu kubwa haiwaki mpaka injini iwashwe, na mwanga unapanda nikivuta mafuta. Moduleta itafanya kazi? Na lile la breki je?

WayaMwekundu
Nijibu mimi. Dalili hizo maana yake taa kubwa inalishwa na mkondo wa AC (unaogeuza mwelekeo kila mara) moja kwa moja kutoka kwenye koili, haipitii betrini. Moduleta za kawaida ni za DC, yaani mkondo wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Ukiifunga hapo haitafanya kazi, na inaweza kuungua. Kuhamishia taa kwenye DC kunataka kubadili muungo wa koili na regyuleta, na kwa kazi unayoitaka haina haja. Baki na pembetatu ya LED.

Ila angalia: kwa sababu hiyo hiyo, pini 86 usiichukulie kwenye waya wa taa kubwa. Rilei itatetemeka na kulia kama nyuki. Chukua kwenye waya unaolisha honi au swichi ya breki. Pima kwanza kwamba unatoa volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa.

Breki: chagua kidude kinachomweka mara 3 hadi 5 kisha taa inatulia. Kinachomweka bila kukoma kinamchanganya aliye nyuma, hajui kama bado unapunguza mwendo au umesimama. Kizuri zaidi ni chenye kuchelewa, ambacho ukigusa breki tena baada ya sekunde chache hakimweki upya. Kwenye foleni kitamwokoa wa nyuma yako. Kikae baada ya mahali waya wa swichi ya mkono na ya mguu zinapoungana, la sivyo breki moja itamweka na nyingine haitamweka. Unga kwa viungio vya kuchomeka, usilehemu. Kikifa kinaweza kuondoka na taa yote ya breki, nawe unatakiwa uweze kukitoa na kuunganisha waya pale pale barabarani.

JichoLaDereva
Nyongeza kwa breki: ukiweka balbu ya LED, angalia tofauti kati ya mwanga wa taa ya nyuma na wa breki. Kwenye balbu ya kawaida ni wati 5 dhidi ya 21, jicho linaiona mara moja. Balbu nyingine za LED zinang'aa karibu sawa, kwa hiyo hata ikimweka hakuna atakayetambua. Simama mita 20 nyuma, saa sita mchana, mtu akanyage breki.

Gia_ya_Tano
Nimeelewa. La mwisho: nikibadili indiketa ziwe LED, kuna shida?

MwangaKamili
Mbili. Flasha (kifaa kinachozimwekesha indiketa) ya zamani inategemea mzigo wa balbu, kwa hiyo LED zitamweka haraka kupita kiasi au zitawaka bila kuzima. Weka flasha ya kielektroniki ya LED, epuka rezista za kuongeza mzigo. Rezista ya omu 6 kwa volti 14 inatoa karibu wati 33 za joto na itayeyusha plastiki iliyo karibu.

Ya pili hutokea kama dashibodi ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili. Umeme unapita kwenye taa hiyo kwenda upande wa pili, na zote nne zinamweka, lile lile ulilokatazwa mwanzo. Chukua dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007: moja kutoka waya wa kushoto, moja kutoka wa kulia, ncha zenye mstari mweupe ziungane pamoja na kwenda upande mmoja wa taa ya dashibodi. Upande wake wa pili peleka kwenye fremu.