Tuache kumwambia masikini kwamba pesa haileti furaha

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kila anapojitokeza mtu kulalamikia mshahara, kodi ya nyumba au bei ya unga, hakosekani wa kumjibu: "Pesa si kila kitu, mbona matajiri wenyewe hawana raha?" Mimi nasema pesa inaleta furaha, na inaileta zaidi kwa yule asiyekuwa nayo. Ila maisha ya mteremko, ya kula na kulala, ni habari nyingine, na kosa letu ni kuvibeba hivi viwili kwa pamoja.

Nianze na jirani yangu hapa Mbagala, mama muuza vitumbua. Alichukua ile mikopo ya vikundi yenye riba kubwa, tunayoiita kausha damu, ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Siku ya marejesho ungeijua kwa mlango wake: umefungwa tangu alfajiri, simu imezimwa, watoto wamefundishwa kusema "mama kasafiri." Maana wanakikundi wakifika na afisa wa mkopo hawaji kuongea, wanakuja kubeba: godoro, runinga, mtungi wa gesi. Ikafika mahali akaacha kwenda hata misibani, kwa kuwa huko ndiko angekutana na wanaomdai. Mumewe akiuliza kitu kidogo tu, ni ugomvi. Kisha zamu yake ya kupokea mchezo ikafika, akalipa lote. Wiki ile ile tukamwona yuko mstari wa mbele kwenye shughuli ya mtaani, anacheza ngoma mpaka kitenge kinadondoka. Mtu yule yule, ndoa ile ile, dini ile ile. Kilichoondoka ni deni. Anayesema hiyo si furaha anipe jina lake.

Mtasema huyo ni mmoja. Sawa, twendeni Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya. Shirika la GiveDirectly liliwapa pesa watu wa kaya masikini zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za nyasi, pesa ikaingia kwa M-Pesa, bila masharti ya matumizi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya hizo na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu walikula vizuri zaidi, wakaezeka mabati, wakanunua mifugo. Walipoulizwa kuhusu hali zao, furaha na kuridhika vilikuwa vimepanda, msongo na sonona vimepungua. Na matumizi ya pombe na sigara, ambayo watu huwa wepesi kuyatabiri masikini akishika pesa, hayakuongezeka.

Sitaficha upande wa pili. Utafiti wao mwingine kutoka huko huko ulionyesha kwamba jirani aliyeona wenzake wanainuka, yeye akabaki vilevile, kuridhika kwake na maisha kulishuka, ingawa maumivu hayo yalififia kadiri muda ulivyokwenda. Hili linanisumbua, kwa sababu linagusa jinsi tunavyogawa misaada vijijini: nyumba moja imo kwenye orodha ya kaya masikini, ya pili yake haimo, na wote wanachota maji kwenye kisima kimoja. Lakini tazameni vizuri kinachosemwa hapo. Aliyekosa ndiye aliyeumia. Aliyepata hakuumia.

Wapinzani wangu hupenda kutaja washindi wa bahati nasibu. Kweli, mwaka 1978 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioonyesha washindi wa jimbo la Illinois hawakuwa na furaha zaidi kuliko majirani zao kwa kiasi cha maana. Washindi wenyewe walikuwa 22. Mwaka 2020 ukatoka wa Uswidi, uliowahoji wachezaji zaidi ya 3,000, miaka 5 hadi 22 baada ya bahati nasibu zao. Waliopata kikubwa walikuwa wameridhika zaidi na maisha yao, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya muongo. Furaha ya siku kwa siku haikupanda kiasi hicho, nakubali.

Halafu kuna ile hoja kwamba pesa ikifika kiwango fulani inaacha kufanya kazi. Chanzo chake ni watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton, mwaka 2010, waliotaja dola 75,000 kwa mwaka huko Marekani. Lakini mwaka 2023 Kahneman huyo huyo alirudia hesabu pamoja na Matthew Killingsworth, aliyekuwa amepata matokeo tofauti, wakakuta kwamba kwa walio wengi furaha inaendelea kupanda pamoja na kipato. Waliosimama njiani ni wale wachache ambao tayari wana huzuni nzito, na wao walifika karibu dola 100,000 kwanza. Yaani mwenye msiba moyoni pesa humsaidia mpaka mahali, kisha inamwacha na msiba wake. Hilo naliamini kabisa. Mama muuza vitumbua hayuko hata karibu na hapo, na wengi wetu tunaosoma hapa hatuko.

Kuhusu mteremko, hapo niko na wapinzani wangu. Tafiti za Ujerumani zilizowafuatilia watu wale wale kwa miaka mingi zilikuta kwamba kupoteza kazi kunaumiza kuliko lile pengo la kipato peke yake. Mtu anataka kuamka akijua kuna mahali anasubiriwa. Kijana anayeota nyumba yenye bwawa na asiwe na la kufanya kutwa nzima anaota kitu ambacho kitamchosha upesi.

Lakini hoja hiyo isitumike kumnyamazisha anayedai haki yake. Kikokotoo cha mafao, yaani hesabu ya pensheni hapa Tanzania, kiliposhusha malipo ya mkupuo, yale anayopewa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 33, kuanzia Julai 2022, watumishi waliokuwa wakitarajia asilimia 50 walilia, na nilisikia watu wazima wakiwaambia wasiwe na tamaa, eti furaha haiko kwenye pesa. Mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba yake kwa kiinua mgongo hakuwa na tamaa. Alikuwa anaogopa kuzeekea kwenye chumba cha kupanga, akipandishiwa kodi na mtu wa umri wa mwanawe.

Nawaachia uwanja. Anayepinga asiniletee tajiri aliyejiua, maana masikini nao wanajiua na hawaandikwi magazetini. Aniletee mtu anayemfahamu aliyelipa deni lake lote, akamaliza nyumba, akapata bima ya afya, halafu akatamani kurudi alikotoka. Na nyie wastaafu mliopo, hasa mliopata kidogo kuliko mlivyotegemea, semeni usingizi wenu ukoje.