Tupeane uzoefu: Mandir, hija na ashram kwa sisi wa Tabora na Kigoma

Kanyenye_Tbr

Wakuu, uzi huu ni wa wanaokwenda mandir (hekalu la Kihindu) kuabudu na wanaojiandaa kuhiji India, hasa sisi wa bara ambako kitu kikipungua huvuki barabara ukakinunua. Naomba jambo moja: zile simulizi za "mimi nilipokwenda" tuziweke kando. Lete hatua, kipimo, kinachoharibika na sababu yake. Asiye Mhindu anayetaka kuingia kwa heshima naye asome, yake yapo.

Naanzia mlangoni. Viatu hubaki nje, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi na kamba ya saa. Ngozi ni ya mnyama aliyekufa, haiingii mbele ya murti, sanamu takatifu. Soksi za pamba zinaruhusiwa kwenye mandir nyingi na ni rafiki yako: sakafu ya mawe iliyopigwa na jua la saa 7 mchana inababua nyayo. Oga kabla ya kwenda. Ukishakula mgebuka au kuku mchana, mandir iwe kesho asubuhi. Pombe usiulize.

Kengele hugongwa unapoingia. Unapotoka huigongi. Kwenye darshan, yaani kumtazama Mungu naye akutazame, simama upande, usizibe katikati, maana nyuma yako kuna mwenye haja kama yako. Kuzunguka ni kwa mwendo wa mshale wa saa, murti ibaki mkono wako wa kulia. Mara tatu inatosha kwa sehemu nyingi.

Hekalu la Shiva lina utaratibu wake. Maji na maziwa yanayomwagiwa linga, ile alama ya Shiva, hutoka kwa mfereji mdogo, na mfereji huo hauvukwi. Unazunguka hadi ukingoni mwake, unageuka, unarudi ulikotoka hadi ukingo wa pili. Pia usikatize kati ya linga na Nandi, yule ng'ombe dume aliyelala akimtazama bwana wake.

Prasad, chakula kilichobarikiwa, hupokelewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Ukipewa charanamrit, yale maji kiganjani, unayanywa, halafu unyevu uliobaki unaupitisha kichwani. Kuufuta kwenye suruali ni ushamba.

SamliSafi

Mkuu umefungua vizuri. Mimi naingia kwenye taa ya aarti, ile ibada ya kuzungusha moto mbele ya murti, kwa sababu huko ndiko miji midogo tunakoaibika.

Tatizo la kwanza ni samli. Samli ya kienyeji tunayo tele, lakini nyingi huuzwa haijaiva sawasawa, bado ina maji na machicha ya maziwa. Ukiwasha utambi inatatarika, inarusha cheche na kutoa moshi mweusi unaopaka murti masizi. Irudishe motoni, moto mdogo, mpaka mapovu yatulie na ule mlio ukatike kabisa. Mlio ni maji yanayotoka. Machicha yakianza kuwa ya kahawia, epua, chuja kwa kitambaa cha pamba kikavu. Kikavu, nasisitiza, la sivyo umerudisha maji uliyoyatoa.

Utambi ni pamba safi, si uzi wa nailoni. Sokota, uloweke kwenye samli ya vuguvugu mpaka uloe hadi kati, kisha ndiyo uweke kwenye taa. Utambi mkavu unaungua wenyewe kabla samli haijapanda. Na ukijaza samli mpaka juu unauzamisha, moto unakufa katikati ya wimbo.

Watu wa Kigoma wataniuliza mawese. Mawese mekundu yana moshi na masizi, yanaharibu dari na murti. Samli ikikosekana, mafuta ya ufuta yanafaa.

Kuzungusha sinia kuna hesabu yake: mara 4 miguuni, 2 kitovuni, 1 usoni, halafu 7 mwili mzima. Jumla 14, kwa mwendo wa saa. Zima feni kabla hujawasha. Moto haupulizwi kwa mdomo, pumzi ni najisi. Unaacha uishe wenyewe. Kina mama, mtandio wa plastiki na taa ya samli ni maadui. Choma pini begani au fungia kiunoni.

Dada wa Gungu

Naomba kipimo cha panchamrit, ule mchanganyiko mtakatifu wa vitu vitano. Kila mtu ana chake na mara nyingine inatoka kama maziwa yaliyoharibika.

SamliSafi

Dada yangu, inaganda kwa sababu unatia mtindi kwenye maziwa ya moto. Maziwa ya kwetu yachemshe kwanza kwa ajili ya brusela, kisha yaache yapoe kabisa.

Kwa watu kama 20 wanaopewa kijiko kimoja kimoja: maziwa kikombe 1, mtindi mzito usio mchachu sana vijiko vikubwa 2, sukari kijiko 1 na nusu, asali kijiko 1, samli nusu kijiko. Asali na samli zisiwe sawa kwa uzito, hiyo ni kanuni ya zamani ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Anza na mtindi na sukari, koroga mpaka ilainike, maziwa yafuate kidogo kidogo, asali, na samli mwisho ikiwa imeyeyuka lakini si ya moto. Ukitia samli iliyoganda inaelea kama punje za nta.

Asali ya Tabora ni bahati tuliyo nayo, ila chagua. Ile ya kurinwa kwa moshi mwingi inanuka moshi na harufu hiyo inafunika kila kitu. Nusa kabla ya kununua. Na usiiweke panchamrit kwenye chombo cha shaba nyekundu: uchachu wa mtindi unakula shaba, mchanganyiko unakuwa na ladha ya chuma na unaweza kuchafua tumbo. Stiili au fedha.

Jani la tulsi, ule mrehani mtakatifu, juu ukiwa nalo. Tulsi haichumwi jua likishazama, na wengi hawaichumi Jumapili wala siku ya mfungo wa Ekadashi, kwa hiyo chuma jana yake. Usimpelekee Ganesha tulsi. Shiva mpelekee jani la bilva, yale majani matatu kwenye kikonyo kimoja, yasiwe yamechanika.

Mwanga_Kgm

Umetaja Ekadashi, hapo pana mtego. Ni siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mara mbili kwa mwezi. Hailiwi nafaka wala jamii ya kunde. Ugali wa mahindi hapana, wali hapana, maharage hapana. Sisi wa Kigoma tunapona kwa muhogo, maana muhogo si nafaka. Hata ile sabudana ya Wagujarati asili yake ni wanga wa muhogo. Viazi vitamu, karanga (kwa desturi haihesabiwi na kunde), maziwa, matunda, sawa. Ila unga wa muhogo wa sokoni mara nyingi umechanganywa na mahindi kidogo ili ugali ushike. Nunua makopa usage mwenyewe, na mwambie wa mashine asafishe kwanza, la sivyo utapata vumbi la mahindi ya aliyetangulia.

Chumvi: wenye msimamo mkali hula ya mawe tu, siyo ya bahari. Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi, si baharini, kwa hiyo mjadala wake huwa mtamu. Muulize pujari (kuhani) wako, usiniulize mimi.

Sasa tarehe. Kalenda nyingi zinazotumwa kwenye simu zimepigiwa hesabu ya Gujarat au Mumbai. Siku ya mwezi inahesabiwa kwa ile inayokuwepo jua linapochomoza mahali ulipo. Jua la Kigoma linachomoza karibu saa 3 nyuma ya Ahmedabad, na karibu dakika 40 nyuma ya Dar. Siku ya mwezi ikianza katikati ya hapo, wa India wanafunga Jumatano na wewe unatakiwa kufunga Jumanne. Weka programu ya panchang (kalenda ya Kihindu) kwenye simu na uipe mji wako, usiiache kwenye Delhi. Aarti ya jioni nayo ni hivyo hivyo: Kigoma jua linazama karibu saa 1 usiku, kwa hiyo ratiba ya Dar ya saa 12 na nusu inakuta bado mchana kweupe.

Mzee wa Reli

Kwa wanaohiji Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, mji wa kushukia ni Rajkot au Ahmedabad. Msitake kumaliza kila kitu kwa siku 5.

Dwarka ipo kilomita 220 hivi kutoka Rajkot. Hekalu hufungwa mchana, karibu saa 7 hadi saa 11 jioni, Krishna, Mungu wa hekalu hilo, akipumzika. Mabasi mengi ya watalii yanawafikisha watu saa 8 wakakaa juani. Fika asubuhi. Utaona bendera ya juu ikibadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kutoka mto Gomti unapanda ngazi 56 hadi mlango wa Swarg Dwar. Kisiwa cha Bet Dwarka zamani kilikuwa kwa boti. Tangu Februari 2024 kuna daraja.

Hekalu la Somnath aarti ni saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 1 usiku. Simu na mabegi hukabidhiwa nje, beba pesa ndogo mfukoni na kipande cha karatasi chenye namba za ndugu zako, maana mkipotezana humo ndani huna simu.

Mlima Girnar ni ngazi karibu 10,000. Wanaopanda kwa miguu huanza saa 10 alfajiri, kwa sababu kuanzia saa 4 asubuhi mawe yanatoa joto kama jiko. Tangu Oktoba 2020 kuna gari la waya linalofika hekalu la Ambaji, lakini kwenda kilele cha Dattatreya bado una ngazi mbele yako. Mwenye magoti mabovu ajue kushuka ndiko kunakoumiza.

Virpur kwa mtakatifu Jalaram Bapa: chakula ni bure na hawapokei sadaka yoyote tangu mwaka 2000. Usihangaike kutafuta sanduku. Halipo.

Kwingine, tahadhari na wanaokushika mkono na kukufunga uzi mwekundu kabla hujasema lolote. Ukishafungwa, bei inatajwa. Ibada maalumu lipia dirishani upewe risiti. Sadaka ya pujari kubalianeni kabla, na kawaida huishia na moja: rupia 11, 21, 51, 101.

Kijana_Cheyo

Na sisi Waafrika tusio Wahindu? Tunaingia?

Mzee wa Reli

Mandir nyingi, ndiyo, hata nyingi za hapa nchini. Sema mlangoni kwamba ni mgeni, fuata aliyoandika Kanyenye. Za Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, wanaume na wanawake hukaa pande tofauti, angalia kwanza kabla ya kukaa.

India kuna zisizopokea asiye Mhindu: Jagannath ya Puri, Guruvayur na Padmanabhaswamy kule Kerala. Somnath unaomba kibali kwanza. Tirumala unatia saini tamko la imani. Usibishane na mlinzi, hajaitunga yeye. Puri subiri Rath Yatra, Juni au Julai: siku hiyo murti zenyewe hutoka barabarani, na barabarani hakuna mlango wa kukuzuia.

Kanyenye_Tbr

Nani ana ya ashram, yale makazi ya ibada na mafunzo, za Rishikesh? Na Kedarnath?

Mama wa Sikonge

Rishikesh na Haridwar hakuna nyama wala pombe, ni sheria ya mji. Ashram nyingi hazipiki hata kitunguu na kitunguu saumu. Andika kuomba nafasi mapema na taja tarehe ya kufika na ya kuondoka; "nitaona nikifika" haikubaliki. Mgeni wa nje huandikishwa kwa fomu maalumu, kwa hiyo pasipoti na nakala ya viza viwe mkononi, siyo chini kabisa ya sanduku. Lango hufungwa usiku. Delhi hadi Rishikesh ni kilomita 240 hivi na foleni haina huruma, ondoka asubuhi.

Siku huanza kabla ya mapambazuko. Unakaa chini saa nzima kwenye kutafakari, na mtu aliyezoea kiti ataona ganzi miguuni kwa siku 3 za mwanzo. Kalia mto mdogo ili nyonga ziwe juu ya magoti, ganzi inapungua. Sahani unaosha mwenyewe. Ukipewa seva (kazi ya kujitolea) ya kufagia, fagia.

Kuoga mto Ganga: shika mnyororo uliofungwa kwenye ngazi. Maji yanatoka kwenye theluji, ni baridi, na mkondo unavuta miguu hata pale panapoonekana pametulia. Miwani na ndizi zifiche, nyani wa pale ni wezi wa mchana.

Kedarnath, hekalu la milimani, ipo mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Tabora tuko 1,200 hivi, Kigoma ziwani hata 800 haifiki. Kutoka Gaurikund unapanda mita 1,600 hivi kwa kilomita 16 na zaidi, na wengi hufanya hivyo siku moja. Kichwa kinapasuka, kichefuchefu kinafuata. Lala usiku mmoja Guptakashi, wa pili Gaurikund, panda polepole. Helikopta ndiyo inayolaza watu zaidi: inakutoa bondeni hadi juu kwa dakika chache, damu haijapata muda wa kuzoea hewa haba. Ukianza kuyumba au kukohoa ukiwa umepumzika, shuka usiku huo huo, usingoje aarti ya asubuhi. Usajili wa Char Dham, hija ya mahekalu manne ya Himalaya likiwemo hili, ni lazima, na hekalu lipo wazi kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba au Novemba tu.

Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, ichukueni mapema. Inahesabika siku 10 baada ya sindano.

Mwanga_Kgm

Mizigo ya kurudi naongezea. Kafuri inawaka, haipandi ndege. Nazi kavu nayo hukataliwa, mafuta yake yanaweza kujipasha moto. Maji ya Ganga weka kwenye sanduku kubwa, chupa isijae hadi shingoni, funga kifuniko kwa utepe na mfuko wa nailoni.

Prasad ya kuwafikishia watu wa Kigoma: kutoka Dar bado kuna reli ya kilomita 1,250 hivi na joto la behewani. Vipande vya nazi mbichi vinachacha kabla ya Tabora. Laddu, yale matonge matamu, zinavumilia zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, siyo plastiki, maana zikitoa jasho zinaota ukungu. Isiyoharibika ni nabati, ile sukari ya mawe. Kilo moja ukiivunja vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi unagawia mtaa mzima, ila ivunje ukiwa nyumbani. Ndani ya behewa sisimizi wanakutangulia.