Kisima kiko chini ya dampo, maji yake tunywe?

Mgosi_mgeni: Wakuu, salaam. Nimehamia pembezoni mwa Tanga mjini, kiwanja kiko mteremkoni mwa dampo la zamani. Taka ni madumu, kandambili, nyaya, kila aina ya plastiki. Kisima nimekikuta, maji maangavu, hayana harufu. Mama watoto anasema tuchemshe tunywe. Mimi nasita, maana masika majimaji meusi hutiririka kutoka dampo kuja kwetu. Nifanyeje?

Kijana wa Chumbageni: Chemsha, tia dawa ya maji, kunywa. Sisi tumekulia visimani, mbona tunadunda?

Bi Maabara: Mdogo wangu, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Kuna kemikali ziitwazo thalati, za kulainisha plastiki ya PVC; hazikushikamana na plastiki yenyewe, zimechanganywa tu, basi mvua ikipita kwenye taka zinachomoka kidogo kidogo kwa miaka. Ipo pia kemikali ya bisfenoli A, ya plastiki ngumu na rangi ya ndani ya makopo. Ukichemsha, maji yanapungua, hizo kwa sehemu kubwa zinabaki sufuriani. Na ulimi hausaidii: kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa DEHP, mojawapo ya thalati, ni mikrogramu 8 kwa lita. Nani ataonja hiyo?

Mvuvi wa Sahare: Halafu sehemu nyingi huku mwamba ni chokaa. Aliyeingia mapango ya Amboni ameona maji yalivyoula. Kwenye nyufa za namna ile maji yanapita tu, hayachujwi kama mchangani.

Mgosi_mgeni: Duh. Basi nikapime hizo thalati?

Bi Maabara: Usianzie huko, ni ghali. Pima kwanza amonia na chumvichumvi zote kwa jumla, ndizo dalili za maji ya dampo. Kloridi, ile ya chumvi, peke yake isikutishe, pwani hii bahari nayo inaingia visimani. Amonia ikiwa juu, angalia na choo cha jirani, maana nacho huitoa. Pima kiangazi, rudia masika. Dalili zikielekea dampo, ndipo uende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ya thalati ibebe kwenye chupa ya kioo; ukibeba kwa dumu utapima dumu.

Kijana wa Chumbageni: Haya, nimenyoosha mikono. Chujio la mkaa je?

Bi Maabara: Ule mkaa maalumu wa kuchujia hupunguza, ila ukishajaa unapitisha, na bila vipimo hujui umejaa lini. Mgosi, ya kisima fulia na usukutulie choo. Ya kunywa, na ya uji wa watoto hasa, chota bombani au kinga ya mvua.